Zoezi uliloliona kwenye simu limetoka kwenye mwili wa nani?

Tangu Alphonce Simbu alipotuletea dhahabu ya marathoni ya dunia kutoka Tokyo, Septemba 2025, wageni kwenye kundi letu la kukimbia wameongezeka sana, na karibu kila mmoja anakuja na video. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla hatujapasha misuli moto, nanyooshewa simu: "Kocha, hili zoezi vipi?" Wadogo zangu, nafurahi mnauliza. Mimi sikuuliza, na mguu wangu ukalipa.

Nilikuwa na wiki sita tu za kukimbia, kilomita kama 15 kwa wiki, nikijiandaa kwa kilomita 21 za Kilimanjaro. Nikakutana na ratiba iliyoitwa mazoezi ya Wakenya: Jumanne mbio za kasi uwanjani, Alhamisi mbio ndefu, Jumamosi fatleki, yaani kukimbia huku unabadilisha kasi. Nikaibeba yote. Wiki ya tatu ya ratiba ile, ugoko wa kushoto ukaanza kuuma mahali padogo, unaweza kupafunika kwa kidole gumba. Nikarudi kwenye simu, nikamkuta jamaa anasema maumivu ni dalili kwamba mwili unajijenga, nikaendelea. Baadaye picha ya eksirei ikaonyesha mfupa umeweka ufa. Nilikaa miezi mitatu bila kukimbia hata hatua moja.

Ratiba ile haikuwa ya uongo. Wakimbiaji wa Kaptagat huko Kenya, kundi la bingwa wa marathoni Eliud Kipchoge, kweli wamekuwa wakienda uwanjani Jumanne, wakikimbia kilomita 30 au 40 Alhamisi na kufanya fatleki Jumamosi. Lakini siku za katikati wanakimbia taratibu, na hakuna anayeweka video ya mtu anayekimbia taratibu. Tena Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 kule Paris, ilhali marathoni yake ya kwanza aliikimbia Hamburg mwaka 2013. Ile saa 2:01:09 aliyomalizia marathoni ya Berlin 2022 ina miaka karibu 20 ya kujenga mifupa, mishipa na mapafu nyuma yake. Baada ya mazoezi anapumzika. Mimi nilikuwa nakimbia kwenye lami ya Dar, kisha nakimbilia daladala kwenda kazini.

Kuna habari ya Kipchoge ambayo nawasimulia wageni wote. Alipokuwa kijana alimfuata Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Barcelona 1992, akamwomba programu ya mazoezi. Sang akampa ya siku chache. Kijana akaifanya, akarudi kuomba nyingine, akapewa, akarudi tena. Mwalimu anayeona mwanafunzi amerudi anajua kipimo kimemfaa au kimemzidi. Video haijui kama umerudi unachechemea.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalotafuta kwenye ushauri ni masharti. Je, anasema zoezi hili ni la nani, mtu aliyekimbia kwa muda gani, lirudiwe mara ngapi kwa wiki, na uache ukisikia nini? Anayefahamu kazi yake hawezi kuzungumza dakika mbili bila kusema "inategemea". Anayekuahidi kwamba kila mtu, kwa siku 21, atapunguza dakika kumi, huyo hakukuona wewe wala mtu mwingine yeyote.

Chukua kanuni ya 220 ukitoa umri wako, inayotajwa kuwa ndiyo mapigo ya juu kabisa ya moyo wako. Ni wastani wa watu wengi. Kwa mtu mmoja inaweza kukosea kwa mapigo kumi na zaidi, juu au chini. Ukisikia inatolewa kama sheria, jua msemaji ameipokea tu na kuipitisha. Vilevile na wanaosema misuli inauma kesho yake kwa sababu ya asidi ya laktiki iliyobaki, ile inayotokea misuli ikifanya kazi kwa nguvu. Laktiki huondoka kwenye damu ndani ya muda mfupi baada ya mazoezi. Maumivu yale ya siku ya pili yanatokana na misuli iliyochubuka ndani kwa kazi ambayo haijaizoea.

La maji ndilo linalonitia hofu zaidi, maana linasikika kama busara: kunywa mengi kadiri uwezavyo, usingoje kiu. Kwenye Boston Marathon ya 2002 walipimwa damu wakimbiaji 488, na asilimia 13 walikuwa na chumvi (sodiamu) pungufu kwenye damu, hasa wale waliomaliza wakiwa wazito kuliko walivyoanza kwa sababu ya kunywa kupita kiasi. Mwaka huohuo mkimbiaji mmoja wa mbio zile alifariki kwa tatizo hilo. Waliokuwa hatarini zaidi ni wanaokwenda polepole, wanaopita kwenye kila meza ya maji, yaani watu kama sisi. Joto la Dar linataka maji, sikatai. Sikiliza kiu yako, kunywa, halafu simama hapo.

Kuhusu poda na vidonge nitasema kwa ufupi. Ushauri unaoishia kwenye namba ya kuagizia bidhaa ni tangazo. Na ukija kushindana rasmi, sheria ya dawa za kusisimua misuli inakuwajibisha wewe kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwako, hata kama hukujua kimo ndani ya kopo.

Wengine mnaniambia, "Lakini huyu ana medali." Mheshimu. Ila kuwa na mbio ni jambo moja, na kujua kwa nini una mbio ni jingine. Mwulize amewafundisha kina nani waliokuwa wazito, wenye miaka 45, wenye kisukari, na wako wapi sasa.

Jumamosi iliyopita dada mmoja alikuja na video ya kuruka kwa mguu mmoja kwenye ngazi, mara 100. Ana wiki ya nne. Nilimwuliza leo ameamka anaumwa wapi. Akainama, akanionyesha kwa kidole kimoja, kwenye ugoko. Tukatembea naye hadi ufukweni na kurudi, na Jumatatu alikwenda kumwona daktari.