Mbwa mzee anayelowesha tandiko: anakojoa au anatokwa na mkojo?

Ndugu mleta mada, pole sana. Umesema jike wako ana miaka 12, kila asubuhi unakuta tandiko limelowa, siku hizi unamwondolea bakuli la maji jioni, na nyumbani wapo wanaotaka ahamishiwe nje au achomwe sindano ya mwisho. Kabla ya yote nakuomba urudishe lile bakuli leo hii. Sababu nitaieleza.

Nililea jike mkubwa wa kilo 31, jina lake Shani. Alitolewa kizazi akiwa na miaka 4, na shida hii ilimwanza akiwa na 11. Dalili ya kwanza niliisikia kabla ya kuiona: usiku wa manane alikuwa akijilamba mfululizo, sauti ya ulimi haikomi. Nikawasha taa, akanyanyuka, na pale alipokuwa amelala palikuwa na doa lenye ukubwa wa kiganja, bado lina joto. Nilimgombeza. Kilichofuata kinaniuma mpaka leo: alianza kulikimbia godoro lake na kulala kwenye sakafu tupu karibu na mlango, masikio chini, kana kwamba amekosa jambo kubwa. Nilipoteza karibu miezi miwili nikiamini ni uzee, na nikimpunguzia maji kama unavyofanya wewe.

Daktari wa mifugo aliponisikiliza aliniuliza swali moja tu: "Wakati mkojo unatoka, yeye mwenyewe anajua?" Nikanyamaza, kwa sababu sikuwahi kuangalia.

Swali hilo ndilo la kuanzia. Yupo mbwa anayekojoa ndani, na yupo anayetokwa na mkojo. Anayekojoa utamwona anachuchumaa, anamaliza, anaondoka. Huyo huenda kibofu kinamwasha kwa maambukizi au mawe, au mkojo ni mwingi kuliko anavyoweza kuubana, au viungo vinamuuma kiasi kwamba safari ya kufika mlangoni imekuwa ndefu, au akili imeanza kuchoka na amesahau mlango uko wapi. Anayetokwa na mkojo hajui kabisa. Amelala usingizi mzito, anaamka ametota, anashangaa kama wewe. Mchana akitolewa nje anakojoa vizuri tu kama zamani. Shani alikuwa hivyo, na maelezo yako yananifanya nidhani na wako yuko hivyo, ila dhana yangu haitoshi, lazima apimwe.

Kinachotokea ni hiki. Mrija wa mkojo una misuli inayoubana ili mkojo usitoke ovyo. Kwa majike, homoni ya estrojeni husaidia misuli hiyo kuwa imara. Kizazi kikitolewa pamoja na ovari, homoni hiyo hushuka, na kwa baadhi yao misuli hulegea, pengine baada ya miaka mingi. Mbwa wenye miili mikubwa huathirika zaidi, na unene huongeza tatizo. Akilala, tumbo linakandamiza kibofu na misuli imelegea, mkojo unapita. Kwa hiyo huko si kukosa adabu, na fimbo au kelele hazitamfundisha chochote. Dume mzee akianza kuvuja ni habari nyingine, tezi dume huangaliwa mapema.

Sasa kuhusu maji. Kumnyima hakuzibi mrija. Kunamwachia mkojo mzito unaochoma kibofu na ngozi, na kama kumbe ana ugonjwa wa figo au kisukari, unaweza kumuumiza vibaya, maana mbwa huyo anakunywa sana kwa kuwa mwili unapoteza maji. Badala ya kumnyima, mpimie. Asubuhi jaza bakuli kwa kipimo unachokijua, kila ukiongeza andika, kesho yake saa ileile pima yaliyobaki, toa. Fanya hivyo siku 3. Akivuka mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya saa 24, kuna tatizo la kutafutwa. Kwa Shani mpaka huo ulikuwa lita 3.1, naye alikuwa akinywa kama lita moja na nusu, kwa hiyo figo na kisukari vilishuka kwenye orodha ya washukiwa, ingawa damu ilipimwa pia. Mtajie daktari dawa zote anazotumia: prednisoloni na furosemidi, kwa mfano, humfanya mbwa anywe na kukojoa sana. Usizikatishe mwenyewe.

Peleka na mkojo. Wa kwanza wa asubuhi ndio mzuri, kwa sababu unaonyesha kama figo bado zinaweza kuukoleza. Mimi nilitumia upawa uliooshwa na kukauka kabisa. Nilimtoa kwa kamba fupi, nikasubiri achuchumae na mkojo uanze kutoka, ndipo nikausogeza upawa kutoka nyuma taratibu. Siku ya kwanza alisimama katikati ya kazi akanitazama, siku ya pili tukafaulu. Ule wa kuotesha vimelea maabara, ili kujua kama kuna maambukizi, daktari aliuchukua mwenyewe kwa sindano kupitia tumboni, ili usichanganyike na uchafu wa nje. Inatisha kutazama lakini Shani hata hakulia.

Alikutwa na mambo mawili kwa pamoja, maambukizi na misuli iliyolegea. Ndiyo maana sipendi kumwona mtu anaanza na dawa aliyoambiwa na jirani. Antibayotiki ilipoisha, kule kujilamba kulipungua, lakini godoro bado lililowa. Ndipo akaanzishiwa fenilipropanolamini, dawa inayoifanya misuli ya mrija ibane. Siku za kwanza alikuwa hatulii, anahema, anazunguka chumba usiku. Daktari akapunguza kipimo, akatulia, na ndani ya wiki chache asubuhi nyingi zikawa kavu. Dawa hii hupandisha presha na huweza kuathiri mapigo ya moyo, kwa hiyo mbwa mwenye ugonjwa wa moyo, presha au figo huhitaji uangalizi mkubwa au dawa nyingine. Zamani ilikuwemo hata kwenye dawa za mafua za binadamu, mpaka mwaka 2000 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipotaka iondolewe kwa sababu ya hatari ya kiharusi. Nasema haya kwa sababu nimeona watu wakishauri tembe za mafua. Tafadhali sana, usithubutu. Zenye pseudoefedrini zinaweza kumuua mbwa.

Njia nyingine ni estrioli, ambayo ni homoni. Huanzwa kila siku kisha hupunguzwa mpaka kipimo kidogo kinachotosha. Wengine huvimba uke au matiti, na madume huanza kuwafuata. Ikitokea, mwambie daktari apunguze.

Dawa haikumaliza kila kitu, na pengine kwako pia haitamaliza, kwa hiyo nieleze usiku wetu ulivyokuwa. Chini kabisa godoro la sifongo lililofunikwa kwa mpira pande zote, hata chini. Juu yake taulo nene, juu ya taulo blanketi la manyoya bandia linaloruhusu mkojo kupita na kubaki kavu juu. Nilikuwa na seti tatu, moja kitandani, moja kwenye kamba, moja akiba. Nilimtoa dakika chache kabla ya kulala na mara tu alipofumbua macho asubuhi, kabla ya mimi kufanya jambo lolote. Kwa kuwa na nyonga zilikuwa zinamsumbua, nilitandika mikeka isiyoteleza toka godoroni hadi mlangoni. Mikeka ile peke yake ilipunguza ajali za mchana, jambo ambalo sikulitarajia.

Ngozi ndiyo iliyonifundisha kwa uchungu. Siku moja nilimgeuza nikakuta mapaja kwa ndani ni mekundu, yamechubuka, manyoya yamegandamana. Mkojo ukikaa unaunguza. Baada ya hapo nilipunguza manyoya ya eneo lile, nikawa namwosha kwa maji ya uvuguvugu kila asubuhi, nakausha kwa kugusagusa bila kusugua, kisha napaka mafuta ya mgando kidogo sana. Krimu za upele wa nepi zenye zinki ziache, mbwa hujilamba na zinki ni sumu kwake. Na huyu wako wakitaka kumtoa nje, waambie hili: nzi hutaga kwenye manyoya yaliyolowa mkojo, na funza wanaweza kuwa ndani ya nyama katika muda wa siku moja. Mbwa mzee asiyeweza kugeuka vizuri hawezi kujitetea.

Uliuliza pia kuhusu nepi: inafaa, hata ya mtoto, ukitoboa tundu la mkia. Mimi nilimvalisha kwenye gari na wageni walipokuja. Ibadilishwe kila ikilowa, na apumzishwe bila nepi kila siku. Sakafu safisha kwa sabuni yenye vimeng'enya, na usimwage klorini juu ya mkojo, vikikutana hutoa gesi inayochoma mapafu.

Kuna hali zisizosubiri kesho: akijikamua na mkojo hautoki, au anadondosha matone huku tumbo ni gumu limejaa, au miguu ya nyuma imelegea ghafla. Damu kwenye mkojo nayo usiilaze. Na kama hajatolewa kizazi, anakunywa sana, amenyong'onyea au anatoa usaha ukeni, mpeleke leo hii, huenda kizazi kimejaa usaha.

Kuhusu sindano ya mwisho, sitakuambia usiwaze kabisa, siku huweza kufika. Lakini tandiko lililolowa si sababu yake. Shani aliishi nasi miaka miwili na miezi kadhaa baada ya doa lile la kwanza, akila, akinipokea mlangoni, akirudi kulala kwenye godoro lake, si sakafuni. Alipoondoka, kilichomwondoa kilikuwa kingine kabisa.

Usiku wa leo, akishalala, kaa naye nusu saa ukiwa na taa hafifu uangalie. Halafu uje utuambie: ana kilo ngapi, kizazi kilitolewa lini, anatumia dawa gani, na mkojo ulipotoka alikuwa macho au usingizini.