Kabla ya Kugusa Kikokotoo: pH ya Chumvi Iliyoyeyuka Majini

Mwanafunzi anayeanza kidato cha tano hapa Uganda huja na imani aliyoibeba tangu madarasa ya chini, kwamba asidi na besi zikishamalizana hubaki chumvi na maji, na kwamba mmumunyo huo lazima uwe na pH ya 7, yaani usiwe wa asidi wala wa besi. Imani hiyo inafaa kwa kloridi ya sodiamu na chumvi nyingine zilizozaliwa na asidi kali na besi kali. Lakini chumvi inayochotwa katika Ziwa Katwe, wilayani Kasese, imechanganyika na kabonati, na maji ya ziwa hilo hugeuza litmasi nyekundu kuwa buluu.

Kwa hiyo jiulize kwanza ni ayoni ipi iliyotoka kwa mzazi dhaifu, yaani asidi au besi dhaifu iliyoizaa chumvi, kwa maana hiyo ndiyo itakayoingiliana na maji. Ayoni ya ethanoeti, iliyotoka kwa asidi dhaifu ya ethanoiki, hunyang'anya maji protoni na kuacha ayoni za hidroksidi, hivyo mmumunyo wake utakuwa wa besi. Ayoni ya amoniamu, iliyotoka kwa besi dhaifu ya amonia, hufanya kinyume. Andika jibu hilo pembeni kabla ya hesabu yoyote.

Mimi mwenyewe nilipoteza alama katika mtihani wa majaribio kwa swali lililoonekana jepesi: sentimita za ujazo 25 za asidi ya ethanoiki yenye ukolezi wa 0.1 M (moli kwa lita) zimechanganywa na kiasi kilekile cha hidroksidi ya sodiamu ya 0.1 M. Niliichukua chumvi kuwa 0.1 M, nikapata 8.87, nikaridhika. Nilisahau kwamba ujazo umekuwa 50, kwa hiyo ukolezi wa chumvi ni 0.05 M. Ka, yaani kipimo cha nguvu ya asidi hiyo, katika nyuzi 25 ni 1.8 × 10⁻⁵. Ukigawa Kw, kiwango kisichobadilika cha maji ambacho ni 1.0 × 10⁻¹⁴, kwa Ka unapata Kb, yaani kipimo cha nguvu ya ethanoeti kama besi, ya 5.6 × 10⁻¹⁰. Izidishe kwa 0.05, tafuta kipeuo cha pili, na ukolezi wa hidroksidi utakuwa 5.3 × 10⁻⁶ M. pOH, yaani logi hasi ya ukolezi huo, ni 5.28, na pH, yaani 14 ukitoa pOH, ni 8.72. Wengi huishia kwenye 5.28 na kuiandika kama pH. Aliyekwisha kuandika "besi" pembeni atashtuka mara moja. Ni kwa sababu ya 8.72 hiyo pia kwamba katika titresheni hii tunatumia kiashiria cha fenolftalini, inayobadilika rangi kati ya 8.3 na 10, wala si methili oranji.

Ethanoeti ya amoniamu haina shida: wazazi wote wawili ni dhaifu kwa kiwango karibu sawa, na pH hukaa karibu na 7.

Katika maabara, soma lebo ya kopo kabla ya kupima. Ethanoeti ya sodiamu isiyo na maji ina gramu 82 kwa moli, lakini ile ya fuwele zenye maji ina 136. Anayepima gramu 8.2 za fuwele hizo kwa lita moja hupata 0.06 M badala ya 0.1 M, na kwa kuwa kuna kipeuo cha pili, pH hushuka kwa 0.11 tu, tofauti ambayo karatasi ya pH haitamwonyesha.