CRP yangu ni 14. Ni moyo?

SWALI: Daktari, nina kisukari, huu mwaka wa 9. Juzi majibu ya maabara yametoka: CRP 14, na fibrinojeni imewekewa mshale wa kupanda. Tangu hapo silali. Moyo wangu uko hatarini?

JIBU: Pole. Siku ile ulikuwa na mafua, jino bovu, au kidonda mguuni? CRP ni protini inayomwagwa na ini kukiwa na maambukizi au uvimbe popote mwilini. Ikipita miligramu 10 kwa lita, mara nyingi inazungumzia ugonjwa wa siku hizo. Pona kwanza, kisha upime tena baada ya wiki 2 hivi, kwa kipimo cha CRP kinachonasa hata kiasi kidogo. Hapo ndipo tunasoma moyo: chini ya 1 hatari ni ndogo, juu ya 3 ni kubwa. Fibrinojeni, inayofuma nyuzi za damu iliyoganda, nayo hupandishwa na maambukizi yaleyale.

Hukuniandikia presha, kolesteroli wala HbA1c, yaani wastani wa sukari ya damu kwa miezi 2 hadi 3 (wengi husahau!), na hivyo ndivyo vinavyoamua dawa. Leo vua soksi, uchungulie katikati ya vidole kama kuna kidonda. Kifua kikibana, usingoje maabara, kimbilia hospitali.