Nina miaka 58: aikido au jujitsu ya Brazil?

SWALI: Kocha, hujambo. Mimi ni mwalimu hapa Kisumu, nina miaka 58. Ujanani nilicheza judo. Sasa goti la kushoto huniuma nikishuka ngazi. Nataka kurudi mazoezini, na pia nijue kujikinga, maana hushuka matatu Kondele giza likiwa limeingia. Nichague aikido, ule mchezo wa Kijapani wa kugeuza nguvu za anayekushika, au jujitsu ya Brazil, ya kukabana chini?

JIBU: Sijambo, Mwalimu. Kwa umri wetu, anayeumiza watu wengi si mwizi, ni sakafu. Kwa hiyo popote utakapokwenda, dai kwanza ufundishwe kuanguka. Judo ilikupa msingi huo, lakini mwili husahau. Anza ukiwa umechuchumaa kadiri goti linavyoruhusu, au hata umeketi kwenye godoro. Kidevu kifuani, mgongo uwe wa mviringo kama kibuyu, ujiviringishe kinyumenyume huku viganja vikipiga godoro karibu na mwili. Usiegemeze kiganja nyuma kuzuia uzito. Hapo ndipo kifundo cha mkono huvunjika. Aikido hufundisha jambo hili kwa subira kubwa, na ninaiheshimu kwa hilo.

Lakini aikido ina mazoezi ya kupigana na kutembea kwa magoti. Hayo yaache kabisa. Mwalimu akikataa ufanye ukiwa umesimama, tafuta mwingine.

Kuhusu kujikinga, mimi nakushauri jujitsu. Aikido ya mwanzilishi wake, Morihei Ueshiba, kwa kawaida haina mashindano. Mwenzako anakushika kisha anafuata mwendo wako. Ujaribu mwenyewe: mwambie akukamate kifundo cha mkono kwa nguvu zote, akuvute huku akitembea, asikuachie. Utaona kuzungusha mkono kuelekea upande wa kidole gumba chake kunasaidia, ila mbinu ndefu za kupindapinda zinakwama. Katika jujitsu mwenzako hukupinga kwa nguvu kila siku, kama kwenye judo yako, na muda mwingi mko chini, kwa hiyo kuangushwa kunapungua.

Hatari zake ni shingo kukunjwa unapobanwa miguu ikiwa juu, na goti kusokotwa. Mbinu za kupinda kisigino usizikubali kamwe. Gonga godoro mapema, ishara ya kusalimu amri, kabla ya maumivu. Mara mbili kwa wiki zinatosha, na una haki ya kumkataa kijana wa miaka 20 anayetaka kushinda. Hélio Gracie, mmoja wa waasisi wa jujitsu ya Brazil, aliyefariki 2009 akiwa na miaka 95, alitegemea wenzo kuliko misuli, na hicho ndicho unachokifuata.

Pale Kondele, akija wa pikipiki kunyakua simu, iachie. Ukiing'ang'ania utaburutwa kwenye lami. Mikono yako iwe ya kumtoa aliyekukaba, ili upate nafasi ya kuondoka kuelekea penye watu na taa.

Wiki hii nenda goti lipigwe picha, kisha uniandikie daktari amesema nini kabla hujalipa ada popote.