Taa ya LED ya kukunja: inunue, ila softiboksi usiiuze

Mkuu, umeuliza kama uuze softiboksi yako (lile boksi la kitambaa linalovalishwa taa ili mwanga uwe laini) ili ununue taa ya LED ya kukunja, hii inayofanana na kitambaa, maana unapiga mahojiano majumbani kwa watu na Jumamosi una harusi. Waliotangulia kujibu wamekwambia nunua, mwanga wake ni laini. Kununua, nunua. Hilo la ulaini ndilo limenifanya nikae niandike.

Paneli ile, yaani hiyo taa ya kukunja, ikiwa uchi bila kitambaa cha kulainisha haina ulaini huo wanaousema. Ni mamia ya vijitaa vimebandikwa kwenye kitambaa, na kila kimoja kinatoa kivuli chake. Muweke mtu mbele yake halafu angalia kivuli cha pua: ukingo umekatika ngazi ngazi. Akiwa amevaa miwani ndiyo balaa, utaona vinukta vyote kwenye kioo. Kinacholainisha mwanga ni ukubwa wa chanzo ukilinganisha na umbali wake kutoka usoni. Paneli ya sentimita 30 kwa 45 ukiiweka mita 2 ni taa ndogo tu, hata ikiwa ya bei mbaya. Ya 60 kwa 60 ikiwa mita 1 kutoka usoni, imevalishwa kile kitambaa cheupe cha kulainisha na kuna nafasi kati ya kitambaa na vijitaa, hapo tunaongea. Hata hivyo softiboksi ya sentimita 90 inaipita. Kwa hiyo softiboksi yako ibaki.

Sasa kwa nini mimi siachi kuibeba? Kwa sababu ni nyembamba na nyepesi, inakaa mahali ambapo taa nyingine haiwezi kukaa. Wewe unajua sebule zetu: seti ya makochi imejaa chumba kizima, kabati la vyombo huku, meza ya kioo katikati, feni juu. Softiboksi na stendi yake inakula karibu mita nzima ya sakafu, na mwenye nyumba anaanza kuhamisha makochi huku amenuna. Paneli naifunga kwenye mkono mrefu wa stendi, stendi inajificha nyuma ya kochi, na taa inaelea juu karibu na dari upande mmoja wa mtu, imeinamishwa kidogo. Ukiipandisha juu hivyo, mng'ao kwenye miwani unaondoka wenyewe. Taa za dari zima zote, hasa zile tyubu zenye ukijani. Kama dirisha liko wazi mchana, anzia Kelvin 5600 (Kelvin ni kipimo cha rangi ya mwanga) kisha linganisha rangi kwa macho kwenye skrini.

Na ngozi zetu, mkuu. Ngozi nyeusi huioneshi vizuri kwa kuimwagia mwanga mwingi kutoka mbele, inapauka. Weka chanzo kipana ubavuni, ung'avu usambae shavuni taratibu, uso unapata umbo. Chanzo kikiwa kidogo na kikali, na joto hili la Dar, unapata doa jeupe linalowaka kwenye paji la uso na hakuna kurekebisha rangi kutakakoliondoa. Tishu na poda kidogo viwe kwenye begi siku zote.

Sehemu nyingine inayonifurahisha ni kwenye magari. Nimewahi kupiga mazungumzo ya dereva wa bajaji usiku. Paneli ndogo tuliibana kwa vibanio chini ya turubai la paa, kisanduku cha kuongozea tukakiacha kiti cha nyuma pamoja na betri, mwanga tukaushusha hadi asilimia chache tu ili taa za barabarani nazo zionekane. Kwa taa ya boksi ungeambulia kumgonga dereva kichwani.

Harusi ni habari nyingine. Ukumbini usitegemee kuisimamisha pembeni halafu imulike maharusi wakiingia. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: kilichokuwa kinatosha mita 1, ukienda mita 4 kimebaki sehemu 1 ya 16. Inafanya kazi pale kijana wa taa anapoibeba kwenye fimbo na kutembea ubavuni mwa kamera, kisanduku kiunoni, betri mgongoni. Na kwa sababu ni nyepesi, mkono haumlegei kabla ya keki. Waya wa umeme sakafuni sahau, wale wanaokwenda kutunza wakicheza wataubeba wote.

Hapo kwenye betri piga hesabu kabla ya kulipa. Taa ya wati 100 ikiwaka yote kwenye betri ya wati-saa 95 (wati-saa ni kipimo cha umeme uliomo kwenye betri) haifiki saa 1. Ukiishusha nusu unakaribia saa 2. Nyingi za wati 200 zinataka betri 2 kwa pamoja, na betri ni gharama. Kama unasafiri kwa ndege, chini ya wati-saa 100 unapanda nayo kwenye begi la mkononi bila maneno mengi. Kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa ya shirika la ndege.

Ya rangi zote au ya njano na nyeupe? Kwa kazi zako chukua ya njano na nyeupe. Mfano Godox FL100 ni sentimita 40 kwa 60, wati 100, inatosha sebuleni. Amaran F22x ni 60 kwa 60, wati 200, kama mfuko unaruhusu. Jua tu kwamba taa nyingi za aina hii zikiwekwa kwenye ncha ya njano au ncha ya weupe, nusu ya vijitaa ndiyo inayofanya kazi, mwanga unapungua. Nguvu yake iko katikati.

Kamera weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, ili balbu za nyumbani zisipepese kwenye picha, maana umeme wetu ni hezi 50. Simu nyingi zinaanza na fremu 30, ndiyo maana unaona mistari ikipanda ukutani ukisahau balbu ya mwenye nyumba inawaka. Watu wanaisingizia paneli.

Umesema pia kuna jamaa anakuuzia iliyotumika. Iwashe asilimia 100, itazame kwa kamera ya simu ukiwa umeshusha mwanga wa picha hadi uone kila kijitaa peke yake. Mstari mzima ukiwa umezimika, waya umekatika pale inapokunjwa, na mafundi wengi hawataki kuigusa. Tikisa waya pale unapoingia kwenye paneli, ikipepesa, iache. Kisha ishushe hadi asilimia 10, rekodi kwa shata 1/1000, utafute mistari ya kupepesa. Kingine, muulize alikuwa anaihifadhi vipi. Akikuonyesha imekunjwa kwenye begi huku bado ina moto, usibishane naye bei, achana nayo. Joto la ile kitu hutokea mgongoni mwa kitambaa, na ikiwashwa au kuhifadhiwa moto huku imejikunja, gundi na vijitaa vinaweza kuharibika.