Gabari za atelie ndogo ya nyumbani: uanze na zipi?

Habari ya kazi, kaka. Umeeleza kwamba una chumba cha mita 3 kwa 4 nyuma ya nyumba, msumeno wa mkono, randa moja, mashine ya kutoboa, na msumeno wa mviringo wa umeme ulioununua mkononi mwa mtu. Majirani wameanza kukuagiza vigoda na meza. Umeona kwenye video mafundi wa Ulaya waliojaza ukuta mzima gabari, na unauliza uanze na ipi.

Mimi ni seremala hapa Goma, mtaa wa Majengo. Atelie yangu ni kibanda cha mbao kilichojengwa juu ya mawe ya volkano, na si kikubwa kuliko chumba chako. Nitakujibu kwa yale niliyoyafanya kwa mikono yangu, yaliyofaulu na yaliyonigharimu.

Kwanza tuelewane kwa neno. Sisi huku tunasema gabari. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanasema kigezo, wengine jigi. Ni kitu unachokitengeneza mara moja ili kikushikie mbao au kikuongozee msumeno, usilazimike kupima upya kila kipande.

Nilijua thamani yake kwa hasara. Miaka yangu ya mwanzo nilipata kazi ya madawati 20 ya shule. Kila dawati lina fremu mbili za pembeni, kwa hiyo nilihitaji miguu ya mbele 40. Nilipima mguu wa kwanza vizuri, nikaukata. Wa pili nikauchora kwa kuulaza ule wa kwanza juu yake, wa tatu nikauchora kwa kutumia wa pili, na kuendelea hivyo, kwa sababu kipande kilichotoka kwenye msumeno ndicho kilichokuwa karibu na mkono. Penseli haipiti ndani ya ukingo, inapita nje yake. Kila mguu ukawa umezidi mwenzake kwa nusu milimita hivi, unene wa mstari. Nusu milimita mara 39 ni karibu sentimita 2. Niliposimamisha mguu wa kwanza na wa 40 pamoja, nilikaa chini. Mbao nyingine zilikuwa zimekwisha kutobolewa matundu. Siku 3 za kazi zilikwenda kwa kusawazisha, na mkubwa wa shule alikuwa anangoja.

Tangu siku hiyo sikati vipande zaidi ya vinne vya namna moja bila gabari. Na kipande cha kwanza kilichotoka sawa nakiandika «MAMA» kwa kalamu nyekundu: hakiingii kwenye kazi, kinabaki ukutani.

Sasa swali lako. Kabla ya gabari yoyote, tengeneza mahali palipo bapa. Najua si hilo uliloliuliza, lakini bila hilo mengine yote hayasimami. Sakafu zetu za Goma unazijua: chini ni mawe, juu saruji nyembamba, na meza ya kazi inacheza. Ukiunganisha fremu ya mlango juu ya meza iliyojisokota, fremu itakauka na msokoto uleule, na mlango hautafunga kamwe, hata ungekuwa na ekere (chombo cha kupimia pembe mraba) ya dhahabu. Chukua papi mbili (vipande vyembamba vya mbao) nyoofu, zenye upana sawa, kila moja urefu wa sentimita 60. Weka moja mwanzo wa meza, nyingine mwisho. Inama, funga jicho moja, tazama ukingo wa juu wa ile ya mbele dhidi ya ule wa nyuma. Kama upande mmoja umeinuka, meza imejisokota. Weka kabari chini ya mguu, tazama tena, mpaka kingo mbili zilale pamoja. Mimi nililaza juu ya meza yangu ubao wa tripleksi (plaiwudi) wa milimita 18 na kuufunga kwa skrubu zilizozama. Pima maji nayo inasaidia, ila papi mbili ndizo zinazonionyesha msokoto.

Halafu jaribu ekere yako, kwa sababu gabari zote zitazaliwa nayo. Iegemeze kwenye ukingo mnyoofu wa ubao, chora mstari, igeuze upande wa pili, chora mstari mwingine kuanzia nukta ileile. Mistari ikipanda pamoja, ekere ni nzima. Ikiachana, ule mwanya ni kosa la ekere mara mbili. Zile za bei ndogo nilizonunua Birere, hapa Goma, moja kati ya tatu ndiyo iliyokuwa sawa. Kwa kitu kikubwa kama fremu, tumia kamba ya kupimia: sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, na ulalo lazima usome 100 kamili.

Hayo yakiwa tayari, gabari yangu ya kwanza kwa mtu mwenye msumeno wa mkono ni ubao wa kukatia. Kipande cha tripleksi cha sentimita 25 kwa 35, papi moja imegongwa chini mbele ili inase ukingo wa meza, papi nyingine juu kwa nyuma ili mbao iegemee. Ndiyo basi. Lakini ile papi ya juu iwe pembe mraba kabisa na mkato utakaoukata ndani yake, kwa sababu huo mkato ndio utakaouongoza msumeno. Ukiongeza kijiti cha kuzuia upande wa kushoto, kinachofungwa kwa skrubu moja, umepata kikomo: unasukuma mbao mpaka iguse, unakata, unasukuma tena. Miguu 40 yote inatoka sawa bila penseli. Angalizo moja: pale kikomo kinapogusana na ubao wa chini, pachonge pembe kidogo paache kijishimo. Unga wa mbao hukusanyika hapo, na bila mahali pa kuingia unaisukuma mbao nyuma, kila kipande kinapungua kidogo kuliko kilichotangulia.

Ya pili, na kwangu ndiyo iliyobadilisha kazi, ni reli ya msumeno wa mviringo. Hebu niikalie kidogo.

Chukua tripleksi nyembamba, milimita 9, upana wa sentimita 30, urefu unaotosha kazi zako. Juu yake gundisha ukanda mwingine wa upana wa sentimita 10, ule uliokatwa kwenye ukingo wa kiwandani wa ubao, maana ukingo huo ndio mnyoofu kuliko wote utakaoupata mjini. Ukingo wa kiwandani utazame upande utakakopita msumeno, na upande huo ubao wa chini uzidi kitako cha mashine, yaani bamba lake la chini. Gundi ikikauka, egemeza kitako kwenye ule ukanda na upitishe msumeno mara moja, mwanzo mpaka mwisho. Ile ziada inakatika, na ukingo uliobaki ni njia halisi ya jino la msumeno wako. Hakuna kupima umbali kati ya kitako na jino, hakuna hesabu. Kuanzia hapo unaweka ukingo huo juu ya mstari wa penseli, unabana ncha mbili, unakata. Reli inakaa upande wa mbao unayoitaka, msumeno unakula upande wa taka. Kumbuka kuongeza milimita 9 kwenye kina cha jino. Na ukibadilisha msumeno, au ukaweka jino lenye unene tofauti, ukingo ule hausemi kweli tena. Andika juu ya reli ni ya msumeno upi.

Kwa nini naipenda hivi? Kwa sababu ya umeme. Hapa mtu anangoja umeme, umeme haumngojei mtu. Zamani ulipokuja saa mbili usiku nilianza kupima, kuchora, kushika ekere, na nilipokuwa tayari kukata, taa zilizimika. Sasa mchana kutwa napima na kuchora, naweka reli na vikomo tayari, napanga mbao kwa mafungu. Umeme ukifika, kazi iliyobaki ni kukata tu. Katika saa moja na nusu nilishawahi kukata mbao za vitanda vitatu. Hilo ndilo ningependa ulichukue katika jibu hili lote: fikra zote ziishe kabla mashine haijawaka. Hata vidole vinapona zaidi, kwa kuwa huna haraka. Tena tengeneza kijiti cha kusukumia mbao fupi, ukining'inize pale unapokiona, na ukitumie.

Vigoda: tatizo lako litakuwa miguu inayotawanyika kila mmoja kwa upande wake. Chukua gogo la mbao ngumu, mvule ni mzuri, lenye kitako cha sentimita 12 na kimo cha 9 hivi. Kwanza toboa tundu moja lililonyooka katikati, juu mpaka chini. Mimi nilikwenda kwa fundi chuma jirani mwenye mashine ya kutoboa ya kusimama, akanitobolea kwa dakika mbili. Baada ya hapo ndipo unakata kitako cha gogo kwa mwinamo: sentimita 1 kwa kila 6, yaani kwenye urefu wa 12 unapunguza 2 upande mmoja. Sasa ukilisimamisha gogo juu ya kiti, tundu lenyewe limelala, kiasi cha nyuzi 9 na nusu. Chora mstari wa katikati mbele ya gogo, na kwenye kiti chora ulalo kutoka pembe hadi pembe. Mstari wa gogo ukilala juu ya ulalo, pitisha keekee ndani ya tundu utoboe kiti, na mguu utaelekea pembeni kama inavyopasa. Wengi hufanya kinyume, wanakata kwanza halafu wanajaribu kutoboa kwa mshazari, na keekee inateleza. Tundu litapanuka kwa matumizi. Siku ukisikia keekee inacheza ndani, tengeneza jipya. Ni kazi ya saa moja.

Vibanio ni ghali, na ukiunga mbao za meza unahitaji vinne au vitano. Tumia kabari pacha. Gonga papi mbili nene juu ya ubao imara, mwanya kati yao uzidi kidogo upana wa meza unayoiunga. Weka mfuko wa plastiki chini ili gundi isishike, panga mbao zako, na katika mwanya uliobaki ingiza kabari mbili zinazotazamana, kila moja urefu wa sentimita 20, kichwa sentimita 2, ncha karibu sifuri. Unazigonga moja huku, nyingine kule, nazo zinakaza sambamba bila kuinamisha ubao. Mbao zikitaka kuruka juu, ziwekee uzito. Mawe hatukosi.

Gabari za bawaba na za kitasa ni rahisi, tripleksi iliyotobolewa kwa umbo la bawaba basi, sitazirefusha. Za miguu ya kiti yenye mkunjo ni hivyohivyo. Ukitaka kuona ya kweli, simama kwa watengenezaji wa chukudu, ile skuta ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo. Uma wa mbele hauchorwi kwa kichwa: kuna kipande cha zamani, cheusi kwa mikono, kinalazwa juu ya mti, kinachorwa, kinarudi mahali pake. Chukudu inabeba makaa na viazi kutoka milimani mpaka mjini. Tundu la ekseli likienda upande, gurudumu linakula uma na mtu anaanguka na mzigo wake.

Juu ya mbao ya kutengenezea: usitumie mkaratusi mbichi. Mimi nilitumia. Gabari yangu ya matundu ya mlango niliichonga mwezi wa nne, mvua zikinyesha, nayo ilikuwa sawa kabisa. Kufika mwezi wa saba, kiangazi, ilikuwa imesinyaa na kupinda, nami sikuijaribu kabla ya kuanza. Milango sita ilipata matundu yaliyokosea kwa milimita 3, yote kwa namna moja. Gabari haijui kusahihisha. Kosa ulilolitia ndani yake inalizaa upya kila mara. Tripleksi inatulia kwa sababu tabaka zake zimepishana nyuzi. Nunua vipande vilivyobaki kwa mafundi wakubwa, ni nafuu. Na kila unapoitoa gabari ukutani baada ya miezi, kata kipande kimoja cha taka ukipime kabla ya kugusa mbao ya mteja.

Zile za ukuta mzima ulizoziona, usiziige sasa. Gabari ya kazi unayoifanya mara moja kwa mwaka inakula nafasi na mbao. Mimi nina tisa tu, zote zimeandikwa jina, vipimo na tarehe.

Uliuliza pia: msumari au skrubu? Kwa sehemu isiyobadilika, gundi na skrubu. Kwa ukingo unaoongoza, kama ile papi ya ubao wa kukatia, weka skrubu mbili tu bila gundi, tundu moja ulipanue kidogo. Jaribu mkato, legeza, sogeza kiasi cha unene wa karatasi, kaza, jaribu tena. Ukiridhika ndipo uongeze skrubu ya tatu. Msumari usiuweke mahali ambapo jino la msumeno laweza kufika.