Sange wa Arabuko-Sokoke: chagua njia moja uirudie

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini unazunguka msitu wa Arabuko-Sokoke, hapa pwani ya Kenya, kutwa nzima na kurudi Malindi umeona nyani wa barabarani tu, ilhali wenzako wanasimulia paa na sange, yule mnyama mdogo wa pua ndefu. Mimi ni mkaazi wa upande wa Gede na njia yangu ya asubuhi msituni ni ile ile miaka yote. Ushauri wangu: acha kuzunguka. Chagua kipande kifupi, ukipite saa ile ile, mpaka ukijue.

Msitu ule una zaidi ya kilomita za mraba 400, na si wa aina moja. Mashariki ni msitu mchanganyiko wenye mibambakofi. Katikati, kwenye mchanga mweupe, ni miti ya mirihi. Magharibi ni udongo mwekundu na miti iliyosongamana, ndiko aliko bundi mdogo wa Sokoke. Kila udongo una wenyeji wake. Ukikimbilia kote kwa siku moja, umepita milango yote bila kubisha hodi.

Anza na sange, maana hutembea mchana na majani makavu humtangaza. Jua likichomoza tu, tega sikio. Mjusi hukwaruza mara moja akanyamaza. Sange huchakura mfululizo, anageuza majani kwa ile pua yake ndefu akitafuta wadudu, anasogea kidogo, anaanza tena. Ukisikia hivyo simama papo hapo. Usichutame, usinyooshe kidole kumwonyesha mwenzako. Geuza macho tu. Kitakachoonekana kwanza ni lile doa la manjano karibu na mkia, ndipo mnyama mzima atokeze: miguu myembamba, mwili mkubwa kuliko panya yeyote wa nyumbani, pua haitulii.

Akikushtukia ungali mbali, hupigapiga mkia juu ya majani. Anamjulisha adui kwamba ameshaonekana, hakuna haja ya kujisumbua. Watu wengi hapo humsogelea wapate picha, naye huchomoka kwa mbio ambazo huwezi hata kuzifuata kwa macho. Wewe tulia. Mara nyingi hurudi kwenye kazi yake, na hapo utamtazama kwa raha.

Msimu wa kusi mtafute pia kurumbiza, yule ndege mwenye kifua cha rangi ya chungwa. Humfuata sange akiokota wadudu wanaofurushwa, kwa hiyo nikimwona ameganda kwenye kijiti cha chini, macho yangu hushuka moja kwa moja kwenye majani yaliyo mbele yake.

Na hapa ndipo faida ya kurudia njia. Dume na jike wa sange hushika eneo moja pamoja, ingawa ni nadra kuwaona wameongozana. Ukimkuta mmoja mahali, pale ni kwao, na uwezekano wa kumkuta tena ni mkubwa. Kiota chao ni lundo la majani chini, na mgeni hulipita akidhani upepo umeyakusanya. Anayeijua njia yake huona kwamba lundo lile jana halikuwepo.

Kuhusu usalama sitakuficha: tembo wamo, na vichakani hawaonekani mpaka uwe karibu mno. Pitia kituo cha msitu, lipa kiingilio, chukua mwongozaji wa hapo. Mavi mabichi au tawi lililovunjwa likiwa bado linatoka maji, geuzeni njia.

Jambo la mwisho linaniuma sana. Sange hushika eneo lake lile lile, na watega mitego wanalijua hilo. Ukikuta kitanzi cha kamba au waya usawa wa kifundo cha mguu, mwonyeshe mwongozaji akitoe, kisha mwende pamoja kituoni mkaeleze ni wapi hasa. Mtego hautegwi mmoja, na jirani ya huo huenda ipo mingine.